Nakshi za Kihindi Katika Karatasi ya Mpimaji

Zahanati ya Zamani, iliyoko Mizingani katika Mji Mkongwe wa Unguja, ni mojawapo ya majengo yaliyosheheni nakshi za Kihindi katika pwani ya Waswahili, lakini wingi huohuo wa nakshi humchosha mtazamaji, kwa kuwa roshani zake za mbao, yaani vibaraza vilivyotokeza nje ya ghorofa, zimechongwa kiasi kwamba jicho huona fahari kabla ya kuona mpango. Mpango huo hudhihirika katika mchoro wa vipimo, ambao hutengenezwa kwa kupima kila sehemu ya jengo na kuihamishia kwenye karatasi kwa uwiano mmoja.

Mtu aliyesimama barabarani huiona roshani ya juu ikiwa ndogo kuliko ya chini kwa sababu ya umbali, ilhali mchoro wa uso wa jengo huzionyesha zote kwa kipimo kimoja, hata ikawezekana kuhesabu nguzo, kulinganisha matao na kutambua kwamba ua lililoonekana kuwa la pekee limerudiwa kwa mpangilio. Mkato, yaani mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa kutoka paa hadi msingi, hufichua ua wa ndani na namna mbao zinavyoshikamana na kuta za mawe na chokaa.

Jengo hilo lilianzishwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa msimamizi wa ushuru wa forodha, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Alikusudia liwe hospitali, lakini alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na matumizi ya zahanati yalikuja baada ya jengo kununuliwa na wakfu.

Huko India kwenyewe, mhandisi Samuel Swinton Jacob alianza mwaka 1890 kuchapisha Jeypore Portfolio of Architectural Details, mkusanyiko wa michoro ya vipimo ya nguzo, matao na nakshi za majengo ya kale, ambao kurasa zake hazikushonwa pamoja ili fundi aweze kuutandaza ukurasa anaouhitaji mbele ya kazi yake. Hivyo mchoro ulithaminiwa kwanza kama kifaa cha karakana, na thamani hiyo ndiyo iliyohitajika Mizingani katika miaka ya 1990, Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipolikarabati jengo lililochakaa, kwani seremala anayebadilisha ubao uliooza hana budi kujua kipimo na mzunguko wa mchongo uliotangulia.

Anayezoea kusoma majengo kwa michoro hivyo huuona upya hata msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa, ambako maandishi ya Kikufi, yaani hati ya Kiarabu yenye herufi za pembe, yamechongwa katika jiwe la matumbawe na kubeba mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Nakshi ya Kizimkazi imeng'ang'ania ukuta na huonekana kwa kivuli chake, ilhali ile ya Mizingani imetobolewa ikapitisha upepo na mwanga; na tofauti hiyo, ambayo maneno huieleza kwa tabu, mkato mmoja wa ukuta na mmoja wa roshani, ikiwekwa sambamba, huionyesha mara moja.