Radi Ipandayo Juu: Tulijue Wingu Linalofunika Kibera na Kawangware

Masika yanapoingia Nairobi, simu za jioni baina ya pwani na bara huongezeka. Wengi wetu tuna mtoto, dada au mume aliyepanga Kibera au Kawangware, katika nyumba za mabati zilizobanana. Na pale Makina, Kibera, wapo ndugu zetu Wanubi, Waislamu waliokaa hapo tangu zama za ukoloni. Radi ikipiga huko, nasi huku usingizi hutuparama. Kwa hivyo ni vyema familia zetu zilijue wingu hilo, juu yake na chini yake.

Sura ya 13 ya Qur'ani Tukufu inaitwa Ar-Ra'd, yaani radi, nasi tumehimizwa kuzizingatia ishara za Muumba. Katika nchi za Ikweta, wingu la radi huweza kupanda hadi kilomita 15 na zaidi. Ndani yake chembe za barafu hugongana: nyepesi huchukua chaji chanya na kupeperushwa kileleni, nzito hubaki chini na chaji hasi. Chaji zikizidi, hewa hushindwa kuzitenganisha, na umeme hupasuka. Tuliouzoea ni ule ushukao ardhini. Lakini upo pia upandao mbinguni.

Mwanasayansi wa Uskochi, C.T.R. Wilson, alibashiri jambo hilo katika miaka ya 1920. Marubani nao walisimulia waliyoyaona juu ya mawingu, wasisadikiwe. Kisha tarehe 6 Julai 1989, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipokuwa wakiijaribu kamera yao, walinasa picha ya kwanza ya mwanga huo.

Aina zake ni kadhaa. Jeti za buluu hutoka kileleni mwa wingu na kupanda hadi kilomita 40 au 50. Jeti kuu hufika karibu kilomita 90. Spraiti ni nyekundu, nazo huwaka baina ya kilomita 50 na 90, pale radi yenye nguvu nyingi inapoiondoa ghafla chaji chanya ya wingu na kuitua ardhini. Hewa nyembamba ya huko juu hushtuka na kung'aa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Jina la spraiti limetokana na viumbe wa ngano za Wazungu, lakini lisimtie mtu hofu: hapana jini humo.

Aliye Kibera chini ya wingu hawezi kuziona, kwani wingu lenyewe ni pazia. Mtazamaji hutakiwa awe mbali, mamia ya kilomita, penye giza tupu. Magharibi ya Nairobi kuna Ziwa Viktoria, ambako usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, zikazaa dhoruba ambazo ni miongoni mwa zenye radi nyingi zaidi duniani. Lakini taa za jiji humzuia mtu wa Kawangware asione mianga hafifu ya mbali.

Pwani yetu pia ina sehemu yake katika elimu hii. Setilaiti ya Italia iitwayo AGILE, iliyorushwa mwaka 2007, ilizunguka juu ya Ikweta na kuteremsha taarifa zake katika kituo cha Malindi. Miongoni mwa iliyoyanasa ni mimweko ya miali ya gama inayofyatuka kutoka mawingu ya radi kuelekea juu.

Mianga hiyo ya juu haimdhuru aliye chini. Hatari ni radi ishukayo, nayo haitumwi na jirani wala haimfuati mwenye nguo nyekundu. Nyumba ya mabati isiyo na waya wa kuupeleka umeme ardhini si kinga ya kutosha. Akina mama, tuanue nguo wingu linapojikusanya, tusingoje ngurumo, kwani kamba ya waya hupitisha umeme. Tuwaite watoto waondoke bombani, chini ya miti na karibu na nguzo. Tuchomoe simu na televisheni, tusiegemee mabati wala kusimama mlangoni. Likiwapo jengo imara la mawe karibu, kama vile msikiti au shule, tuingie mapema, na tukae humo nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

La mwisho ndilo zito zaidi: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Wengi huogopa kumgusa, naye hufa akiwa angeweza kuokolewa. Tumguse. Ikiwa hapumui, tumkandamize kifua kwa nguvu na kwa haraka bila kukoma, huku mwengine akitafuta gari la hospitali.

Tuwafundishe watoto dua ya kusikia radi, na tuwafundishe haya pamoja nayo. Mwenyezi Mungu azihifadhi familia zetu, za pwani na za bara. Amin.