Mchezo Usio na Mwisho Umeingia Nyumbani

Jumamosi moja jioni sajini wa polisi, jirani yangu hapa Mbarara, alinibishia hodi akiwa ameshika simu ya mwanawe kama mtu aletaye kielelezo mahakamani. Kijana huyo wa miaka 14 alikuwa amechukua shilingi 45,000 katika pesa za simu za mama yake, akanunua upanga na ngao. Upanga wenyewe haukati wala haushikiki. Umo ndani ya mchezo.

"Mwalimu," aliniuliza, "mchezo huu huisha lini?"

"Afande," nilimjibu, "hauishi. Ndivyo ulivyotengenezwa."

Msomaji mpendwa, yafaa tulielewe jambo hili kabla ya kushika fimbo. Michezo tuliyorithi, kama omweso wa hapa Uganda na igisoro ya Wanyarwanda, ina kikomo: mmoja akikosa kete ya kusogeza, ameshindwa, na watu huenda zao kula. Michezo ya simu ninayoisema hapa ni ya namna nyingine. Mchezaji hujitwalia jina na umbo la mtu wa kubuni, shujaa au mhunzi au mvuvi, kisha kwa njia ya intaneti huingia katika nchi ya kubuni pamoja na maelfu ya watu asiowajua. Yeye akilala, nchi ile hailali. Wenzake wanaendelea kuuza, kununua na kupigana, naye huamka akihofia kuwa ameachwa nyuma.

Asili yake si ya jana. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuunda mchezo wa namna hiyo, na Richard Bartle akauendeleza. Ulikuwa maandishi matupu, bila picha. Mwaka 2001 ndugu wawili Waingereza, Andrew na Paul Gower, walitoa mchezo uitwao RuneScape. Sifa yake ilikuwa kwamba haukudai kompyuta ya bei kubwa, hata mtoto wa maskini aliweza kuucheza.

Historia ya mchezo huo ina mafunzo kwa kila nyumba. Mwaka 2004 ulijengwa upya. Kufikia mwaka 2007 biashara ya magendo ilikuwa imeshamiri ndani yake: watu walichuma dhahabu ya kubuni na kuiuza kwa fedha halisi. Wenye mchezo wakabana biashara huria kati ya wachezaji. Wachezaji wakanung'unika, na mwaka 2011 uhuru huo ukarudishwa baada ya kura. Mwaka 2012 liliingizwa gurudumu la bahati, na baadaye mizunguko yake ikauzwa kwa fedha. Hapo mchezo ulikaribia kamari. Mwaka 2013, baada ya wachezaji zaidi ya 400,000 kupiga kura, ulifufuliwa mchezo wa zamani kama ulivyokuwa mwaka 2007, ukawekwa kando ya ule mpya. Mwaka 2018 huo wa zamani ukaingia katika simu. Wakati uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, wako watu wa nchi hiyo waliolisha jamaa zao kwa kuchuma dhahabu ile.

Basi si upuuzi mtupu. Ni soko, na penye soko pana mwenye kupata na mwenye kupunjwa.

Wiki chache baadaye kazi ilinipeleka Nakivale, wilayani Isingiro, makazi ambayo yamepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Katika kibanda cha kuchajia simu nilimkuta kijana kutoka Kivu ameinamia mchezo wa aina hiyohiyo. Nikamwuliza anapata faida gani.

"Mwalimu, mle mimi ni mvuvi wa daraja la juu," akasema. "Watu huja kuniuliza samaki. Hapa ziwa lipo, lakini mtumbwi sina, na ninajulikana kwa namba ya kadi tu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kumwonya juu ya kupoteza wakati, nikaona kwamba ana wakati mwingi kuliko kazi, na kosa hilo si lake.

Hata hivyo, yuko mwingine aliyepita njia ngumu kama hiyo akafika mbali. Lual Mayen alizaliwa jamaa zake walipokuwa wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu akamnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme. Alitembea saa nyingi kwenda kuichaji, akajifunza mwenyewe kuandika programu. Aliunda mchezo uitwao Salaam, ambamo mchezaji hushika nafasi ya mkimbizi anayekimbia vita, akihitaji maji, chakula na dawa ili aishi. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima huko Marekani, katika hafla ya tuzo kubwa za michezo ya kompyuta.

Tofauti kati ya kijana wa kibandani na Mayen si akili. Mmoja alipata kompyuta na mama aliyeamini kwamba si mchezo tu.

Nirudi kwa afande. Nilimshauri mambo matatu. Kwanza, namba ya siri ya pesa za simu ibaki kwa mzazi, maana mali bila daftari huisha bila habari. Pili, mchezo uwe na saa yake, kwa kuwa wenyewe haujiwekei kikomo. Tatu, akae na mwanawe amwombe amweleze nchi ile: nani anauza, nani ananunua, nani anapata faida.

Lile la tatu hakulipenda. Lakini wiki iliyopita aliniambia walikaa saa nzima. Kijana sasa anachota maji kwa majirani ili kulipa deni la mama yake, naye ameuliza ni wapi hapa mjini watu hufundishwa kuandika programu. Afande alinitaka nimtafutie. Nami natafuta.