Malipo ya Mtandaoni Yakichelewa, Mkazi Asilipe Mara Mbili

Mfanyabiashara anayelipia kibali chake kupitia tovuti ya kaunti anaweza kuona duara likizunguka kwenye skrini bila kukoma. Ameweka nambari ya siri, pesa zimekatwa, lakini risiti haionekani. Wengi hudhani malipo yamekataa, wakabonyeza "Lipa" tena. Hasara huanzia hapo, kwani ombi la pili laweza kukata pesa upya.

Malipo haya hupitia mifumo miwili. Wa kwanza ni tovuti yenyewe, ambayo siku hizi mara nyingi huendeshwa kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kupitia intaneti. Wa pili ni huduma ya malipo, kama vile M-PESA, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka wa 2007. Mkazi anapobonyeza "Lipa", tovuti hutuma ombi lenye nambari ya simu, kiasi cha pesa na nambari ya bili. Huduma ya malipo hujibu mara moja kwamba ombi limepokelewa, lakini jibu hilo halimaanishi kuwa pesa zimelipwa. Simu huomba nambari ya siri, kisha matokeo hurudishwa kwenye tovuti kwa ujumbe mwingine. Ujumbe huo ukichelewa, pesa huwa zimetoka na tovuti bado haina habari.

Kuongeza kompyuta kwenye wingu hakutoshi kuondoa tatizo hili, kwa sababu kinachosubiriwa kiko kwingine. Ni kama ofisi ambayo kila karani amesimama na simu sikioni akingoja jibu la benki. Hata aliyekuja kuuliza bili yake tu hahudumiwi. Msongamano huo huzidi Januari, wakati wafanyabiashara wengi wanapolipia vibali vipya.

Mfumo uliotengenezwa vizuri hufanya kama karani anayempa mteja nambari na kumhudumia anayefuata. Huyaandika malipo kuwa "Yanasubiri", humruhusu mkazi kuondoka kwenye ukurasa, kisha huuliza huduma ya malipo kuhusu matokeo kila baada ya muda. Kila bili huwa na nambari yake ya kipekee. Mkazi akibonyeza mara ya pili kabla jibu halijapatikana, mfumo huitambua bili ileile na hautumi ombi jipya.

Kwa kuwa si kila mfumo una kinga hiyo, mkazi anashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Asibonyeze "Lipa" tena, wala asilipe kwa simu nyingine.
2. Aangalie ujumbe mfupi kwenye simu. Malipo yaliyokamilika huwa na nambari ya muamala, yenye herufi na tarakimu 10.
3. Asipouona ujumbe, aangalie salio na taarifa ya akaunti kupitia programu ya M-PESA au *334#.
4. Ikiwa pesa zimekatwa, asubiri, kisha aingie upya kwenye tovuti na kuangalia bili yake. Bili ikiendelea kuonyesha deni, apeleke nambari ya muamala, nambari ya bili na nambari ya simu iliyolipa katika ofisi ya mapato.
5. Ikiwa taarifa ya akaunti inaonyesha kuwa hakuna pesa zilizokatwa, anaweza kuanza upya.

Subira hii ina faida, kwa sababu kulipa mara mbili ni rahisi kuliko kurudishiwa. Kifungu cha 207 cha Katiba kinaagiza mapato ya kaunti yawekwe katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale yaliyoondolewa kisheria. Pesa hazitolewi humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Karani hana mamlaka ya kumrudishia mkazi pesa papo hapo, hata kosa likiwa wazi.

Matapeli nao huvizia nyakati hizi, wakipiga simu na kujidai kuwa wanasaidia kukamilisha malipo. Afisa anayefuatilia malipo huhitaji nambari ya muamala, ya bili na ya simu iliyolipa, wala si nambari ya siri. Nambari ya siri ya M-PESA ni ya mwenyewe peke yake, na anayeiuliza, hata akitaja jina la kaunti, asipewe.