Vumbi la kazini tunalikinga, na lile la nyumbani?



Safari hii hatutasema juu ya kofia ngumu wala viatu vya kazi. Tunataka kusema juu ya kile kibanda kilicho nyuma ya nyumba, pale baba anapoingia akitoka kazini, kwa kutafuta pesa za masomo ya watoto. Mumoja anasugua malakiti, mwingine anapiga randa mbao, mwingine ananoa vyuma. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini ina vumbi, na hakuna mukubwa wa usalama anayepita kuikagua.

Mama mumoja alileta mutoto wake wa miaka mine kwenye dispanseri. Ilikuwa mara ya tatu: kikohozi tu, homa hakuna. Nikamuuliza, "Mama, munapika na makala ndani ya nyumba?" Hapana. "Kuna mutu anayevuta tumbako?" Hapana. Nilipogeuza kichwa cha mutoto kwa kutazama masikio, nikaona nyuma ya sikio vumbi laini, rangi ya majani. Sikuhitaji kuuliza tena. Jumamosi nikaenda kwao.

Baba mutoto ni mufanyakazi wa chini ya udongo. Kazini anavaa maske tangu mwanzo wa zamu hata mwisho wake. Nyumbani anasugua malakiti, anatengeneza masanduku madogo na vinyama vya kuuza. Akaniambia, "Infirmye, mimi si mujinga, nimeweka vantilateri." Ilikuwa kweli. Alichukua vantilateri ya radiateri ya gari bovu, akaifunga juu ya mulango, inazunguka vizuri, kelele nyingi. Lakini meza yake ilikuwa kwenye ukuta wa mbele. Basi vumbi lilitoka mezani, likapita mbele ya pua yake, likavuka chumba chote, ndipo likatoka nje. Na huko nje, hatua mbili tu, kulikuwa dirisha la chumba cha watoto.

Tuelewe kwanza vumbi lenyewe. Lile unaloliona kwenye meza na nguo ni kubwa; linaanguka, au linashikwa na pua. Linalofika ndani kabisa ya mapafu ni lile dogo sana, ambalo chembe 200 zikipangwa mustari hazipiti milimetri 1. Hilo halionekani, na linaelea katika hewa saa nyingi baada ya mashini kuzimwa. Malakiti yenyewe ni shaba zaidi ya nusu ya uzito wake. Vumbi lake linachoma macho, pua na koo. Tena jiwe la malakiti mara nyingi limeshikana na mwamba wenye silisi. Silisi inaacha makovu ndani ya mapafu, ndiyo silikozi. Dawa ya kuondoa makovu hayo haipo, na mutu mwenye silikozi anashikwa upesi na kifua kikuu.

Kwa sababu hiyo mgodini tunatoboa mwamba kwa maji. Nyumbani pia maji ndiyo dawa ya kwanza: jiwe linalosuguliwa likiwa limelowa halitoi vumbi jingi. Lakini maji na mashini ya umeme wa 220 havipatani. Sugua kwa mukono na maji, au tumia mashini iliyotengenezwa kwa kazi ya maji. Pale maji hayawezekani, kama kwa mbao, ndipo vantilateri inaingia.

Sasa fanya jaribio hili. Washa mushumaa, uuweke mbali na kinywa urefu wa mukono. Puliza: unazimika. Uwashe tena, na sasa vuta hewa kwa nguvu zako zote. Mwali hautikisiki hata kidogo. Vantilateri nayo ni vile vile. Inasukuma hewa mbali, lakini inavuta ya karibu tu. Tiyo yenye upana wa sentimetri 30, ukienda sentimetri 30 mbele ya mudomo wake, nguvu ya hewa imebaki karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana vantilateri ya juu ya mulango haisaidii mutu aliye mezani. Ni lazima mudomo wa kuvuta uje mezani.

Tukaanza upya, pamoja na fundi mumoja wa umeme, jirani yake. Nyuma ya meza, mbele ya mutu anayekaa, tulifunga sanduku la mbao lililo wazi upande wa kazi tu: juu limefunikwa, mbavu zimezibwa. Jiwe linasuguliwa ndani ya mudomo wa sanduku hilo, si mbele yake. Nyuma ya sanduku tuliweka ile vantilateri, na nyuma yake tiyo ya manjanja, pana kama vantilateri yenyewe. Usiipunguze tiyo, usiipinde mara nyingi: mapanga ya radiateri hayana nguvu ya kusukuma hewa katika tiyo nyembamba. Yetu ina pindo moja, inapanda mpaka juu ya ukingo wa paa, mbali na madirisha yetu na ya jirani. Jirani naye ana mapafu.

Motere hiyo ni ya volti 12, inatumia batri ya gari. Inakula sana, kwa hiyo waya ziwe nene, na karibu na batri uweke fuzibile. Batri ikae nje penye hewa. Mapanga yafunikwe na wavu wa chuma pande zote mbili; watoto wana vidole. Mapanga yakisukuma hewa kuja kwako, zile waya mbili zimegeuzwa.

Kitu kimoja watu wengi wanakisahau: hewa inayotoka ni lazima hewa nyingine iingie pahali pake. Baba huyu alifunga mulango na dirisha kwa sababu ya kelele, na vantilateri ikawa inazunguka bure. Fungua tundu kubwa kushinda mudomo wa tiyo. Liwe ubavuni kwako. Hewa ikitoka mgongoni inafanya kizunguzungu mbele ya kifua na kukurudishia vumbi usoni.

Kiisha pima. Washa kipande cha ubani, ukishike pale unaposugulia. Moshi wote ukiingia sandukuni, kazi ni nzuri. Ukipanda kwenye uso wako, sogeza meza, au ziba mbavu zaidi.

Vantilateri hiyo ni ya vumbi. Usiitumie kwa rangi ya kupuliza wala kwa petroli, kwani motere yake inatoa cheche. Usitie jenereta ndani ya kibanda kwa kusema vantilateri itatoa moshi. Gazi yake haina harufu, na inaua mutu akisinzia. Na kuyeyusha risasi ya batri nyumbani hapana kabisa, hata na vantilateri kumi.

Akina mama, msifagie kibanda kikiwa kikavu. Nyunyizia maji, au pangusa na kitambaa kilicholowa. Nguo za kibanda zibaki kibandani, zifuliwe peke yake. Baba aoge kwanza, ndipo abebe mutoto. Yule mutoto wetu alipata vumbi kwa njia mbili: dirishani, na kwenye bega la baba yake.

Tangu mvua za kwanza mutoto hajaletwa tena kwa kikohozi. Baba tulimupeleka kupiga picha ya mapafu. Kuna alama ndogo upande wa kuume, na munganga anataka picha nyingine kiisha miezi sita.