UTE WA MTUNGINI NA UTANDO WA CHAI

Somo letu la leo lahusu maji ya kunywa. Mtu huchemsha maji, huyachuja, huyatia mtungini na kufunika. Baada ya siku chache hupitisha kidole ndani ya mtungi, akagusa kitu chenye kuteleza kama mlenda. Hujiuliza: Ute huu umetoka wapi, na maji niliyachemsha?

Ute huo ni nyumba ya vijidudu, yaani viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Huingia kwa kata iliyowekwa chini, au kwa vidole visivyonawiwa. Vikiisha kuingia hushika ukuta wa chombo, huzaana, na hutoa ute wa kujifunika. Ukimwaga maji ya zamani na kutia mapya, ute hubaki palepale, na vijidudu hutoka humo kuingia katika maji mapya. Si vyote viletavyo maradhi. Lakini vijidudu vya kuhara vyaweza kujificha humo. Basi kuni zimeteketea bure, na mtoto anaharisha.

Mwaka 1683 mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek, alikwangua utando mweupe wa meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza mwenyewe. Akaona vijidudu vingi vikienda huku na huku. Utando wa meno na ute wa mtungi ni ndugu. Je, kusukutua peke yake kwasafisha meno? La, lazima mswaki. Na mtungi ni vivyo hivyo: kusuuza hakutoshi, lazima kusugua.

Basi tufanyeje?

Kwanza, kila mara maji yaishapo, sugua mtungi kwa brashi na sabuni, mpaka kidole kisiteleze. Suuza kwa maji yaliyochemka, kisha uanike juani.

Pili, chujio nalo hufanya ute. Mishumaa yake ya udongo mweupe isugue taratibu kwa brashi na maji safi, bila sabuni. Mshumaa wenye ufa hauchuji, ubadilishe. Usisahau tundu la bomba, maana ute hupenda kukaa humo.

Tatu, teka maji kwa kata yenye mpini mrefu, nayo itundikwe. Mkono usiguse maji.

Sasa chai. Juu ya chai ya rangi huonekana pengine utando mwembamba wa kahawia, unaopasuka ukikoroga. Huo si ute wala si uchafu. Maji ya visima vingine yana chokaa. Chokaa hiyo ikikutana na majani ya chai na hewa, utando hufanyika. Wataalamu Michael Spiro na Deogratius Jaganyi walieleza jambo hili mwaka 1993. Kamulia ndimu kabla haujafanyika, nao hautatokea. Lakini ukigusa utelezi ndani ya birika, hiyo si chokaa: sugua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini maji yaliyochemshwa huweza kuharibika tena?
2. Kusuuza na kusugua kuna tofauti gani?
3. Leo ukifika nyumbani, pitisha kidole safi ndani ya mtungi ukiwa mtupu. Kesho uwaeleze wenzako ulichogusa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.