Vipete vya Sumaku: Jinsi Kumbukumbu ya Kompyuta Ilivyowambwa kwa Mkono

Mtu apitaye Keko, Dar es Salaam, hukuta mafundi seremala wakiunga mifumbati na matendegu ya vitanda. Hapo zamani kitanda kilipotoka kwa fundi kilikuwa bado hakilaliki. Ilibidi kwanza kiwambwe kwa kamba, za urefu zikipishana na za upana. Mwaka 1965, katika jiji hili hili, Wizara ya Fedha ilisimika kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500. Kumbukumbu ya mashine hiyo nayo ilikuwa imewambwa. Makala hii inaeleza jinsi kumbukumbu ya namna hiyo ilivyofanya kazi na jinsi ilivyotengenezwa.

Kipete kimoja, tarakimu moja

Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa hiyo kumbukumbu yake huhitaji kitu kiwezacho kukaa katika mojawapo ya hali mbili. Kitu hicho kilikuwa kipete kidogo cha feraiti, yaani oksaidi ya chuma iliyochanganywa na oksaidi za metali nyingine, kama manganizi. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba waya upitishao mkondo wa umeme huzungukwa na uga wa sumaku. Waya huo ukipenya tundu la kipete, hukitia usumaku unaozunguka kama mishale ya saa au kinyume chake, kulingana na mkondo unakoelekea. Mzunguko mmoja ni 0, wa pili ni 1. Umeme ukikatika, usumaku hubaki.

Je, kipete kimoja huchaguliwaje kati ya maelfu? Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alivipanga vipete penye makutano ya nyaya. Feraiti hii haigeuki kwa nusu ya mkondo, bali hugeuka kwa mkondo kamili. Basi nusu hupitishwa katika waya mmoja wa ulalo, na nusu katika waya mmoja wa wima. Kipete kilicho kwenye makutano yao ndicho pekee kipatacho mkondo kamili. Hivyo nyaya 64 za ulalo na 64 za wima hutosha kuchagua kimojawapo kati ya vipete 4,096. Mpango huu uliingizwa katika kompyuta ya Whirlwind mwaka 1953.

Ili kukisoma kipete, kilisukumwa kwenda 0. Kama kilikuwa 1, kugeuka kwake kulizua umeme kidogo katika waya wa tatu. Kusoma, basi, kulikuwa kufuta. Kompyuta ililazimika kuandika upya papo hapo, na waya wa nne ulizuia 1 isiandikwe palipostahili 0.

Kazi ya kiwandani

Unga wa oksaidi ulishindiliwa katika kalibu, kisha ukachomwa kwa joto lililozidi nyuzi 1,000 za sentigredi, mfano wa chungu. Katika miaka ya 1950 kipete kilikuwa na upana wa milimita 2 hivi. Baadaye kilipungua chini ya nusu milimita. Kisha ilifuata kazi ngumu kuliko zote: kupitisha nyaya. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliifanya kwa sindano wakitazama kwa darubini. Katika kampuni ya IBM, kuwamba vipete 4,096 kwa mkono kulichukua saa 25, mpaka ilipobuniwa mashine iliyopunguza muda huo kuwa dakika 12. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 kazi nyingi ya mkono ilihamishiwa Asia ya Mashariki, ambako ujira ulikuwa mdogo. Gharama ya kuhifadhi tarakimu moja ilishuka kutoka dola 1 hivi hadi karibu senti 1.

Katika ICT 1500 kila herufi ilihitaji vipete 7. Kwa hiyo hata kumbukumbu ya herufi 10,000 ilikuwa na vipete 70,000!

Funzo kwetu

Katika miaka ya 1970 vipande vya silikoni vilichukua nafasi ya vipete. Nchini kwetu, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na baadaye ikalegeza. Mashine zilikuwa zimetufikia kama masanduku yaliyofungwa, ilhali ndani yake mlikuwa na fizikia ya kidato na kazi ya mikono kama ya mwamba kitanda. Mwalimu na awape wanafunzi vipete 16 vya karatasi na nyuzi za rangi mbili, kisha awaulize: ni nyuzi ngapi zatosha kuchagua kipete chochote?