Baruti ndani ya usukani: taa ya SRS si pambo

Maswali ya wasomaji wa Kahama, Shinyanga na Geita yamerundikana, na karibu yote ni lile lile: nimenunua gari lililotumika Japani, linatembea vizuri, ila taa ya SRS kwenye dashibodi haizimiki. Fundi kasema ni taa tu, nimpe hela kidogo aizime.

Si taa tu. SRS ni mfumo wa mifuko ya hewa, zile eabegi, na taa hiyo ikibaki inawaka maana yake kompyuta ya gari imeona kasoro na huenda imeshaufunga mfumo mzima. Siku ya ajali mfuko huenda usifunguke. Anachofanya kishoka ni kung'oa balbu, au kuunganisha waya wake na wa taa nyingine ili ukiwasha gari iwake kidogo kisha izime kama kawaida. Wengine hupachika rezista mahali pa mfuko uliokwisha kulipuka, kompyuta ipime waya na kudhani mfuko upo. Huo si ufundi, ni utapeli unaoua.

Lakini ipo kasoro ambayo hata taa haiioni, na wachimbaji wataielewa haraka kuliko watu wengine.

Mfuko wa hewa haujazwi kwa pampu. Ndani ya usukani kuna kopo la chuma lenye kemikali iliyoshindiliwa kama vidonge. Gari likigonga, cheche ya umeme huviwasha, na gesi yake huujaza mfuko kwa takriban milisekunde 30, kabla hujapepesa kope. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni, kampuni ya Takata ya Japani ilitumia amonia nitrati kwenye makopo yake. Ndiyo hiyo hiyo ambayo migodini huchanganywa na dizeli kupasulia miamba.

Kemikali hii ina tabia yake. Joto likivuka nyuzi 32 za Selsiasi, fuwele zake hujipanga upya na ukubwa wake hubadilika, likishuka, zinarudi. Gari linaloegeshwa juani Shinyanga huvuka kiwango hicho mchana na kurudi chini usiku, mwaka baada ya mwaka. Unyevu ukipenya humo, kidonge kilichokuwa kigumu huumuka na kuwa na vitundu. Mlipuaji wa mgodini anazitaka chembe zenye vitundu, kwa sababu zinanyonya dizeli. Ndani ya usukani vitundu ni maangamizi: moto unashika kila upande kwa wakati mmoja, kama vibanzi vinavyoteketea wakati gogo bado linafuka. Gesi inalizidi nguvu kopo, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinatoboa mfuko hadi shingoni kwa dereva. Mwaka 2014 huko Orlando, Marekani, polisi walidhani kwanza kwamba mwanamke mmoja aliyepata ajali alichomwa kisu.

Wapo wanaojifariji kwamba Shinyanga ni kukavu. Ni kweli joto peke yake halitoshi, unyevu ndio mshirika wake. Ila gari lako lilikuwa wapi kabla yako? Lililotembea Dar es Salaam miaka kadhaa limeshakula unyevu wa pwani, na kopo ni lile lile.

Makopo yapatayo milioni 100 yaliitwa yabadilishwe duniani kote, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Toyota, Nissan, Honda, Mazda, Subaru na Mitsubishi zote zilihusika. Kwa hiyo anayekwambia gari la Mjapani halina kasoro ya kiwandani, usimsikilize. Na gari likiuzwa nje kabla ya kurekebishwa, wito unabaki kwa mwenyewe wa zamani.

Uzushi mwingine: ukiwa na mfuko, mkanda hauna kazi. Mfuko hutoka kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa, na umeundwa kumpokea mtu aliyefungwa mkanda. Asiyefunga anakutana nao ukiwa bado unafyatuka. Kwenye michomoko yetu, yale magari madogo ya abiria, watu wawili hubanana kiti cha mbele, mmoja kapakata mtoto, na dereva anaona sawa. Si sawa hata kidogo.

La kufanya ni hili. Funga mkanda, mtoto akae nyuma. Usinunue mfuko wa mtumba, wala usimruhusu fundi wa kubahatisha aufungue usukani. Chukua namba ya chasisi kwenye kadi ya gari ili ujue kama gari lako limo kwenye wito huo wa kubadilisha makopo. Ya Toyota IST ya toleo la kwanza, kwa mfano, huanza na NCP60, NCP61 au NCP65. Tovuti za Marekani zinataka herufi na tarakimu 17, kwa hiyo zitaikataa. Iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji huko Japani, au mpelekee wakala rasmi akuangalizie. Kuiangalia kwenye tovuti hiyo ni bure.